Tupeane uzoefu: mtoto akiletewa Halloween shuleni, wazazi Wakristo mlifanyaje?

Wapendwa, mwaka jana binti yangu wa darasa la tatu, anayesoma shule ya mchepuo wa Kiingereza hapa Tabora, alirudi na karatasi iliyotutaka tumvalishe vazi la kutisha tarehe 31 Oktoba, siku ya Halloween. Alikwisha kuchagua mwenyewe: atakuwa bibi kizee mchawi, na macho nimzungushie rangi yangu nyekundu ya midomo.

Niliishika ile rangi nikashindwa kuifungua. Katika mikoa yetu ya Unyamwezi na Usukuma vikongwe wameuawa kwa mapanga kwa kudhaniwa wachawi, eti kwa kuwa macho yao ni mekundu, nayo yamekuwa mekundu kwa moshi wa jiko walilopikia miaka yote. Na mama yangu mzazi, tunayeishi naye hapa Ipuli, ana macho hayo hayo. Kumbukumbu la Torati 18, linalokataza uchawi, nalijua na nalishika, lakini siku ile kilichonizuia kwanza ni uso wa mama. Nilimweleza mwanangu taratibu, akaenda shule na sare yake. Wenzangu mlifanyaje?

*Mama wa Ujiji:* Sisi ni Wakatoliki. Jina lenyewe la Halloween maana yake ni mkesha wa Watakatifu Wote, sikukuu yetu ya tarehe 1 Novemba, ingawa desturi za kujigeuza sura zilitoka Ireland na Scotland, zikavushwa na wahamiaji hadi Marekani. Kijana wetu tulimvalisha kanzu nyeupe akawa Karoli Lwanga, akawasimulia wenzake jinsi shahidi huyo alivyochomwa moto kwa ajili ya imani yake huko Namugongo, Uganda, mwaka 1886, nao wakamsikiliza mpaka mwisho.

*Baba wa Isevya:* Kwetu Wamoravian tarehe 31 Oktoba ni kumbukumbu ya Matengenezo ya Kanisa, tangu Martin Luther alipotoa hoja zake 95 za kulikosoa Kanisa mwaka 1517. Nilimkataza mwanangu kwa neno moja tu, bila maelezo, na wiki hiyo hiyo nikakuta kinyago cha karatasi kimekunjwa ndani ya daftari lake la hisabati. Kilichoniuma zaidi ya kinyago ni kwamba alinificha.

*Mwanzisha mada:* Asanteni sana. Mwaka huu nitakwenda kuzungumza na walimu kabla karatasi haijatoka, na mama amesema atanisindikiza.