Kuzamia Shelisheli: tufuate majabali ya graniti au matumbawe?

Swali

Ndugu wanajukwaa, salaam. Mimi na mwenzangu tumezoea kuzamia Pemba na Mafia, na vyeti vyetu vinaturuhusu kufika mita 30. Mwezi wa Oktoba tunakusudia kwenda Mahé, kisiwa kikuu cha Shelisheli, kwa siku nane, lakini habari ninazopata zinanitatiza: wapo wanaosifu miamba ya graniti ya huko, na wapo wanaosema kwamba matumbawe yalikufa mwaka 1998, hivyo hakuna la kutazama. Kwa aliyewahi kuzama huko, naomba kujua tutakuta nini na tuanzie wapi.

Jibu la kwanza

Ndugu yangu, wote wamesema kweli, ila kila mmoja anaeleza mahali pake. Mahé, Praslin na La Digue ni visiwa vya graniti yenye umri wa takriban miaka milioni 750, na majabali mnayoyaona ufukweni yanaendelea vivyo hivyo chini ya maji, makubwa kama nyumba, yakiwa yameegemeana na kuacha vichochoro na mapango. Joto la bahari la mwaka 1998 liliua zaidi ya asilimia 90 ya matumbawe hai ya visiwa hivyo. Pale ambapo mwamba mzima ulijengwa na matumbawe, mifupa yake ilimomonyoka ikawa kifusi na samaki wakakosa maficho. Jabali la graniti halikumomonyoka, na maficho yakabaki.

Kule Brissare, kaskazini mwa Mahé, niliingiza tochi katika ufa usiozidi upana wa mabega yangu, nikakuta mkunga amejikunja na kamba wadogo wakimtembelea kichwani, huku nje ya ufa matumbawe moto yenye rangi ya haradali yakiwa yamelifunika jabali. Msiyaguse kabisa, kwani huwasha kama upupu. Mkitafuta ukuta wa matumbawe kama wa kisiwa cha Misali, Pemba, hamtaupata, na mimi nasema msiutafute: nendeni kwa ajili ya majabali.

Jibu la pili

Naongeza kuhusu majira. Pepo za huko ni kusi na kaskazi hizi hizi zetu, na Oktoba kusi huwa inalegea kuelekea tanga mbili, kipindi cha kati ya pepo hizo, ambapo maji hutulia na kuwa maangavu. Papa potwe nao huonekana zaidi kati ya Agosti na Oktoba, ingawa hakuna anayeweza kuwaahidi.

Shark Bank, kati ya Mahé na Silhouette, ni mlima wa graniti ulio baharini, kilele chake kikiwa karibu mita 20 chini. Mkondo wake ni mkali, kwa hiyo shukeni kwa kamba ya nanga na msiiache mpaka mfike kwenye jiwe. Siku yangu ya kwanza nahodha alitupeleka huko moja kwa moja bila kupima uwezo wetu. Mwenzetu mmoja alimaliza hewa nusu ya mtungi akipigana na maji tu. Kataeni jambo hilo.

Jibu la tatu

Nisingependa matumbawe yaachwe kana kwamba yamekwisha. Watafiti waliofuatilia miamba 21 ya visiwa vya ndani, yaani Mahé na jirani zake, waliona kwamba 12 ilirudi katika hali yake baada ya 1998, na 9 ikatawaliwa na mwani. Iliyorudi ilikuwa hasa ile yenye kina na yenye umbo la mashimo na vilima, jambo linaloafikiana na aliyosema mwenzetu wa kwanza. Mwaka 2016 joto lilirudi tena likaathiri mengi. Kisiwani Cousin, shirika la Nature Seychelles limekuwa likikuza vipande vya matumbawe kwenye kamba na kuvipandikiza mwambani. Mkipata nafasi, zamieni pia ghuba ya Baie Ternay, ambayo ni hifadhi, mwelee juu ya mchanga na msiguse chochote kwa mapezi.

Muulizaji

Nawashukuru sana. Tutaanza na kisiwa kidogo cha L'Ilot, kaskazini mwa Mahé, kisha Brissare na Baie Ternay, na Shark Bank tutaiweka siku ya tano, iwapo mkondo utaruhusu.