Mtungi wa gesi wa kilo 15 au niongeze mwingine wa kilo 6? Naomba ushauri

Habari zenu wakuu. Sisi ni watu sita nyumbani, tumepanga Tabata, ghorofa ya pili. Tangu nioe tunatumia mtungi wa kilo 6, ule wa kufunga jiko juu yake. Zamani ulikuwa unakaa karibu mwezi. Tangu mama mkwe aje na wajukuu, siku 12 nyingi, na kila mara unakatikia kwenye maharage, usiku, duka limeshafungwa. Juzi tumemalizia kwa mkaa wa jirani.

Sasa nataka kununua jiko la pleti mbili. Mke wangu anataka kilo 15. Mimi nawaza kuongeza kilo 6 nyingine, mmoja ukiisha nafunga wa pili, na kuupandisha ngazi ni rahisi. Maana ule wa 15 ukijaa, ukijumlisha na chuma chenyewe, unakaribia kilo 30, na mgongo wangu huu jamani! Kuna fundi kaniambia nichukue kabisa wa 38, lakini huo naona ni wa mama ntilie, na jiko letu ni dogo, dirisha moja.

Wenye familia kama yangu, kilo 15 inawakalisha siku ngapi mkipika maharage na makande? Na je, regyuleta (kile kifaa cha kufunga kwenye mtungi kupunguza presha ya gesi) na mpira, nikinunua vya mtungi mdogo, vinaingia kwenye mkubwa, au kila mtungi una vyake? Pia, mnajuaje gesi imebaki kiasi gani? Mimi nautikisa tu.