Shule yetu inatimiza miaka 50, kamati imegawanyika: darasa la wazee tulibomoe au tulitunze? Naombeni ushauri

Mjukuu wa Kambini:
Wakuu habari za jioni, wakubwa shikamooni. Niko Tanga, huku njia ya Pongwe. Shule yetu ya msingi ipo pembeni ya mashamba ya mkonge na ilianza kipindi cha UPE (mpango wa elimu ya msingi kwa wote), lile darasa la kwanza kabisa kujengwa juu ya mlango kuna mwaka 1977 umechorwa na msumari simenti ikiwa bado mbichi, kwa hiyo 2027 tunatimiza miaka 50. Mimi nimesoma hapo, wanangu wawili wapo hapo, na mwaka jana wazazi wakanichagua kuingia kamati ya shule.

Kikao cha juzi kimeisha vibaya. Ajenda zilikuwa mbili, sherehe ya miaka 50 na mpango wa maendeleo wa shule wa miaka mitano ijayo, na zote mbili zimekwama kwenye hilo darasa la zamani. Lina nyufa, halifundishiwi tangu masika yaliyopita, limejazwa madawati mabovu. Upande mmoja unataka libomolewe kabla ya sherehe pajengwe jipya, mgeni rasmi aje azindue. Wazee wa mtaa wamesema likibomolewa wao hawaji.

Mimi kusema kweli inaniuma. Babu yangu mzaa baba alitoka Kasulu akaja Tanga kama manamba, yaani kibarua wa mashambani, amekata mkonge mpaka mgongo ukapinda, na darasa hilo walilijenga yeye na wenzake kwa msaragambo, kazi ya pamoja ya kujitolea, siku za Jumapili, Waha, Wangoni, Wamakonde pamoja na wenyeji Wadigo na Wabondei. Ukiingia ndani ukatazama juu, fito za paa ni ile miti mepesi inayochomoza katikati ya mkonge ukishazeeka. Kengele mpaka leo ni kipande cha reli ndogo ya toroli zilizokuwa zinapeleka majani ya mkonge korona (kwenye mashine ya kutoa nyuzi), kimefungwa na waya kwenye mwembe, pale kinapogongwa pameshabonyea kama kijiko. Halafu orodha ya watakaopewa vyeti siku ya sherehe imeletwa, ina viongozi na wafadhili, hakuna jina hata moja la mtu aliyebeba tofali.

Bajeti ya sherehe iliyopendekezwa ni milioni 3 na laki 2, mahema, spika, fulana, pilau, na wanataka kila mzazi atoe 5,000. Wakati huo darasa la kwanza wako 141 kwa mikondo miwili. Mwenye uzoefu anisaidie, nikirudi kikaoni niseme nini?

Bombo Juu:
Pole mkuu na hongera kwa kujali. Hilo la 5,000 kwa kila mzazi liangalieni kwa makini sana, tangu elimu bila malipo ianze 2016 mchango ni wa hiari na uwe na kibali, mtoto harudishwi nyumbani eti mzazi hajachangia. Shule jirani na kwetu walijichanganya hapo, watoto wakatolewa darasani wiki ya mtihani, sherehe ikafanyika lakini wazazi nusu hawakutia mguu.

Fundi Lenta:
Kabla ya kugombana bomoa au usibomoe, nani amepima? Ufa na ufa si sawa. Ufa mwembamba wa kwenye plasta peke yake usikutishe. Ule unaoanza kona ya dirisha unapanda mshazari kama ngazi unafuata tofali, huo ndio wa kuogopa, maana msingi umezama upande mmoja. Fanyeni hivi, kitu hakina gharama: paka bonge la plasta lenye upana wa kiganja juu ya ufa, likikauka andika tarehe. Ngoja masika yapite. Plasta ikikatika ujue nyumba bado inatembea, ikibaki nzima ujue ilishatulia zamani na inatengenezeka. Huku mkisubiri muiteni mhandisi wa halmashauri aje aangalie kwa macho yake na aandike. Na watoto wasiingie humo hata kufuata dawati mpaka aseme yeye.

Lingine, nina hakika darasa hilo halina gata. Maji ya paa yakidondokea palepale chini ya ukuta miaka 50 hakuna msingi utakaovumilia, tena na mizizi ya mwembe kama upo karibu. Darasa la mita 7 kwa 9 paa lake si chini ya mita za mraba 63, milimita moja ya mvua kwenye mita moja ya mraba ni lita moja, na Tanga tunapata zaidi ya milimita 1,000 kwa mwaka. Hizo ni zaidi ya lita 63,000 zinachimba msingi wenu badala ya kuwa kwenye simtanki.

Mama Wawili Makorora:
Mimi nitasema tofauti na samahani kama nitamuudhi mtu. Kumbukumbu ni nzuri ila mleta uzi hujasema habari ya vyoo. Mwongozo unasema tundu moja kwa wasichana 20 na tundu moja kwa wavulana 25, nyie mna mangapi? Binti yangu alikuwa anakaa bila kunywa maji tangu asubuhi asije akapanga foleni, amerudi na UTI mara mbili kwa muhula mmoja, na shuleni kwao palikuwa na bendera na vyeti vimejaa ukutani. Mpango wa miaka mitano uanzie hapo. Msipofanya hivyo hao watoto ndio watakuja kuwa wazee wa sherehe ya miaka 100 na watakachokumbuka ni foleni ya chooni.

Mjukuu wa Kambini:
Mama Wawili hujaniudhi hata kidogo, umenishtua. Nimempigia mwalimu wa afya sa hivi. Wasichana 412, matundu 8. Yaani zaidi ya 50 kwa tundu, tulitakiwa kuwa na 21. Nimekaa kwenye hivyo vikao mwaka mzima na hiyo hesabu haijawahi kutajwa.

Chaki Nyeupe (mstaafu):
Marahaba mjukuu. Nimefundisha miaka 34, nyingi katika hizi shule za mashambani, kwa hiyo nikusaidie upande wa mpango kwanza halafu nije kwa wazee.

Mtaala ulioanza 2024 umeifanya elimu ya msingi iwe miaka sita. Walioanza la tatu 2024 kwa mtaala mpya watamaliza la sita 2027, na la saba wa mwisho watamaliza mwaka huohuo pamoja nao. Maana yake Januari 2028 shule yenu haina darasa la saba. Mna mikondo miwili, basi vyumba viwili vinabaki wazi bila kumwaga zege. Ukichukua kimoja tu, hao 141 unawagawa mikondo mitatu, wanakuwa 47, kiwango ni 45, mmekaribia. Sasa kwa nini mbomoe kwa haraka mjenge darasa 2027 wakati mwaka unaofuata mnapata viwili? Hela na nguvu za wananchi zipelekeni vyooni, kisha watoto wa awali. Hii hoja iwekeni mwanzo kabisa, naamini hata mwalimu mkuu atapumua, maana yeye anasukumwa na idadi tu, sidhani kama ana chuki na darasa la wazee.

Kuhusu wazee. Azimio la Musoma la 1974 lilitaka ifikapo 1977 kila mtoto wa kwenda shule awe darasani, serikali haikuwa na uwezo wa kujenga kila mahali, watu wakajenga wenyewe. Na kule kwenye mkonge ilikuwa na uzito wake. Huo mmea waliuleta Wajerumani 1893, kati ya miche 1,000 iliyotoka Florida ikapona 62 tu, na kutoka hiyo 62 yakatoka mashamba yote yale yaliyomleta babu yako. Manamba waliitwa hivyo kwa sababu mtu alijulikana kwa namba yake. Mtu aliyeishi kwa namba halafu akajenga darasa ili mwanae aitwe jina lake asubuhi kwenye rejista, huyo umwache nje ya orodha? Hapana, hilo mlisimamie.

Tafuteni logibuku ya shule (kitabu cha kumbukumbu za matukio) na rejista za mwanzo leo hii, kabla ya mchwa. Pigeni picha kila ukurasa kwa simu, mchana, karibu na dirisha. Halafu watumeni watoto wa la tano, wanalo somo la Historia ya Tanzania na Maadili, waende kwa wazee wawili wawili na daftari. Wasiulize "tuambie historia ya shule", mzee atawahutubia. Waulize maji ya kufinyangia tofali yalitoka wapi, nani alipika siku ya msaragambo, kengele ya reli aliibeba nani. Hapo majina yatatoka yenyewe, na ya akina mama pia ambayo kila mara yanasahaulika.

Kijana wa Barabara ya 12:
Mwalimu shikamoo, umenifundisha kitu. Mkuu mimi naongeza moja tu, kwa nini sherehe yenyewe isiwe msaragambo? Watu waje asubuhi na majembe wachimbe mashimo ya vyoo, mchana pilau la sufuria la kina mama wa mtaa, jioni majina yasomwe. Waliosoma hapo wako Dar, Arusha, mpaka Muscat, fungueni grupu la WhatsApp, mwambie kila mmoja alete mfuko mmoja wa simenti badala ya fulana.

Mjukuu wa Kambini:
Wakuu narudi na mrejesho, imepita wiki tatu. Nilikwenda kikaoni na hesabu mbili tu, matundu 8 na vyumba viwili vya 2028. Mwalimu mkuu alinyamaza kidogo akaniambia nirudie hiyo ya pili taratibu akaandika. Ubomoaji umesimamishwa mpaka mhandisi atoe ripoti, fulana na mahema vimekatwa, matundu ya wasichana yamewekwa namba moja kwenye mpango. Wapo wajumbe ambao bado hawajaridhika na vyeti, hilo tutaendelea nalo.

Watoto wa la tano wameanza kwa wazee. Kuna mmoja yuko kambini bado, haoni vizuri, wakamleta shuleni wamemshika mkono. Akaingiza kidole kwenye ule mwaka juu ya mlango, akaufuata namba moja moja, akasema hii saba ya mwisho imepinda kwa sababu simenti ilishaanza kukauka na Rwegoshora alikuwa anaharakishwa na mvua. Jina hilo hakuna mtu kwenye kamati aliyewahi kulisikia. Mpaka Ijumaa daftari lina majina 23, babu yangu ni wa tisa.

Fundi Lenta, plasta tumeweka jana sehemu tatu, tarehe tumeandika. Nitakuja kusema baada ya masika.