Tamasha zima limebanwa likakosa pumzi: tunataka albamu hii ya jukwaani ichanganywe upya

Wakuu, heshima kwenu. Nimeisikiliza kuanzia mwanzo hadi mwisho albamu ya jukwaani, yaani iliyorekodiwa kwenye tamasha, ya bendi ya metali ya progresivu (roki nzito yenye nyimbo ndefu zenye mabadiliko mengi) ninayoipenda kuliko zote, kwa spika na kwa hedifoni, na nimekasirika kiasi cha kuona ni lazima nifungue uzi huu. Majina ya bendi na lebo nayaweka kando, kwa kuwa wanamuziki walipiga vizuri mno usiku ule, na uharibifu wote umefanyika baada ya rekodi kuondoka jukwaani na kufika mikononi mwa mafundi wanaochanganya sauti za vyombo.

Kosa kubwa kuliko yote ni ubanaji wa sauti, yaani kupunguza tofauti kati ya sauti ndogo na kubwa. Muziki wa aina hii unaishi kwa tofauti kati ya utulivu na kishindo: wimbo wa dakika ishirini huanza na gitaa moja lisilo na mkwaruzo, hupanda hatua kwa hatua huku hesabu ya mapigo ikibadilika kutoka saba kwenda tano, na kishindo cha mwisho hupata uzito wake kwa sababu msikilizaji amekisubiri. Diski ya kawaida (CD) ya biti 16 inatoa nafasi ya takriban desibeli 96, kati ya sauti ndogo kabisa na kubwa kabisa, kwa ajili ya safari hiyo. Hapa nafasi karibu yote imeachwa bure, na muziki umesukumwa hadi juu kabisa, hivyo gitaa la peke yake linasikika kwa ukubwa ule ule wa bendi nzima inaponguruma. Wenye albamu hii wasikilize wimbo wa nne, pale mpiga kinanda anapobaki peke yake na umati unaimba naye. Ngoma zinapoingia, kinanda kinadidimia ghafla, sauti za watu zinatoweka, kisha baada ya kila pigo la ngoma kubwa vyote vinaibuka kidogo na kuzama tena. Hiyo ni kompresa, kifaa cha kubana sauti, iliyokazwa kupita kiasi, inayoikandamiza bendi nzima kila ngoma inapopigwa. Matoazi yamekuwa mchakacho mtupu kama karatasi inayofinyangwa, na besi, ambayo katika bendi hii ndiyo inayoshika uzi wa wimbo wakati gitaa na kinanda vinakimbizana, utaitafuta usiipate.

Nimeshaambiwa kwamba siku hizi albamu isipopazwa sana itasikika dhaifu ikichezwa baada ya nyingine. Hoja hiyo haina mashiko tena, kwa sababu huduma za muziki mtandaoni kama Spotify husawazisha ukubwa wa sauti na kuushusha wimbo uliopazwa kupita kiwango, kwa hiyo msikilizaji hapati kelele zaidi, anabakiwa na madhara ya ubanaji tu. Wala si kwamba wahusika hawakuonywa. Mwaka 2008 mashabiki wa bendi ya Metallica walilalamika kwa sababu hii hii kuhusu albamu ya Death Magnetic, wakaonyesha kwamba nyimbo zile zile ndani ya mchezo wa kompyuta wa Guitar Hero zilikuwa hazijabanwa kwa kiasi hicho. Onyo gani zaidi lilihitajika?

Jambo la pili linaniumiza zaidi, kwa sababu linagusa uaminifu. Kuna shabiki mmoja anayepiga mluzi mrefu unaopanda mwishoni, na mluzi wake, pamoja na kelele za mtu wa pembeni yake, unasikika mwishoni mwa wimbo wa pili, wa tano na wa nane, bila tofauti yoyote. Maana yake shangwe zimekatwa mahali pamoja na kubandikwa kwingine. Viitikio viwili vya mwimbaji navyo, nikivicheza sambamba na toleo la studio, vinalingana hadi kwenye pumzi anazovuta. Kurekebisha rekodi za jukwaani si jambo geni. Rob Halford, mwimbaji wa bendi ya Judas Priest, alikiri mwenyewe kwamba aliimba upya studioni kwa ajili ya albamu ya jukwaani ya Unleashed in the East ya 1979. Lakini anayefanya hivyo awaambie wanunuzi waziwazi, badala ya kuandika kwenye jalada kwamba kila sauti ni ya usiku ule.

Halafu kuna ukataji. Kila wimbo unafifishwa hadi kimya kabla unaofuata haujaanza, na mazungumzo yote ya mwimbaji na watu wake yameondolewa. Linganisheni na albamu ya jukwaani ya The Roundhouse Tapes ya bendi ya Opeth, iliyorekodiwa London Novemba 2006, ambamo mwimbaji wao Mikael Åkerfeldt anazungumza na umati kati ya nyimbo na msikilizaji anajiona yumo ukumbini. Au Live Scenes from New York: bendi ya Dream Theater walirekodi onyesho lao katika ukumbi wa Roseland Ballroom tarehe 30 Agosti 2000, wakapiga albamu yao nzima ya Scenes from a Memory kwa mfululizo, na onyesho likatolewa kwenye diski tatu. Kwenye albamu ninayoilalamikia, utunzi wenye sehemu sita umegawanywa vipande sita vyenye kimya katikati, ilhali ukumbini, kama video za mashabiki zinavyoonyesha, bendi haikusimama hata mara moja.

Ninachodai kinawezekana. Kila chombo hurekodiwa kwenye mkondo wake, na mikondo hiyo haiharibiki kwa mchanganyo mbaya. Lebo ikitaka, inaweza kumpa fundi mwingine kazi hii aichanganye bila ubanaji huu, arudishe shangwe mahali pake na aunganishe ule utunzi mrefu. Waliokwisha kununua wapewe toleo hilo bila malipo. Tayari nimeiandikia lebo nikitaja dakika na sekunde za kila kasoro niliyoieleza hapa, na nawaomba wenye albamu hii waorodheshe humu kasoro walizozisikia wao ili nizipeleke pia. Toleo la santuri ambalo limeanza kutangazwa sitalinunua iwapo litatokana na mchanganyo huu huu.