IBM kuweka Intel 8088 kwenye PC: busara au ubahili?

Mtoa mada: Wakuu, jambo hili linaniudhi kila nikilikumbuka. Motorola walitangaza prosesa (chipu inayoendesha kompyuta) yao ya 68000 mwaka 1979: rejista, yaani vihifadhi vya ndani ya chipu, za biti 32, kumbukumbu hadi MB 16 bila kukatwakatwa. Agosti 1981 IBM, vigogo wa kompyuta duniani, wanatoa PC, kompyuta yao binafsi, yenye 8088 ya Intel, prosesa inayoona kumbukumbu kwa vipande vya KB 64 na kugota MB 1. Waandishi wa programu walihangaika na vile vipande miaka na miaka. Nani anawatetea?

Bodi Mama: Mimi. Mkuu, unapima chipu kwa chipu wakati IBM walikuwa wanapiga hesabu ya mashine nzima, tena kwa haraka. 8088 ndani ni ya biti 16, ila data huingia na kutoka biti 8 kwa mara moja. Kwa hiyo bodi inakuwa rahisi, na zile chipu saidizi za biti 8 zilizojaa sokoni zinafanya nayo kazi bila shida. 68000 ilidai njia ya data ya biti 16. Mdogo wake wa njia ya biti 8, 68008, alikuja 1982, PC iko madukani tayari. Halafu IBM hawakuwa wageni kwa Intel, kompyuta yao ya Datamaster ilitumia 8085 ya Intel.

Kaka Soketi: Ongeza programu. Msimbo wa 8080, prosesa ya Intel ya awali, uliweza kugeuzwa kuwa wa 8086 na 8088 karibu bila kazi ya mkono, na ulimwengu wote wa CP/M, mfumo endeshi wa kompyuta ndogo za wakati ule, ulikuwa umekaa juu ya 8080 na ndugu zake.

Mtoa mada: Kwa hiyo mnakiri ubora haukuwa hoja.

Bodi Mama: Lini ulikuwa hoja peke yake? Altair, kompyuta ndogo ya kampuni ya MITS ya 1975, iliuzwa vipandevipande kwa dola zisizofika 400, na 8080 pekee bei yake rasmi ilikuwa dola 360! Ed Roberts wa MITS aliipata kwa dola 75 kwa kununua nyingi. Bila punguzo lile hakuna Altair. Wozniak wa Apple naye alikwenda na prosesa ya 6502 ya MOS Technology, iliyouzwa San Francisco mwaka huohuo kwa dola 25. Apple II ikajengwa juu ya chipu ya bei ya kutupa.

Dada Rejista: Samahanini, mnasahau Acorn, kampuni ya kompyuta ya Cambridge, Uingereza. Walizijaribu prosesa za biti 16 zilizokuwepo, hawakuridhika, wakabuni prosesa yao wenyewe, ARM. Chipu ya kwanza ilifanya kazi 1985. Wapo waliokataa kuchagua kilichopo.

Kaka Soketi: Na Macintosh ya Apple ya 1984 ilibeba hiyo 68000 mnayoililia. Dola 2,495. PC ilianzia dola 1,565.

Mtoa mada: Dola 1,565 bila monita wala diski, na kumbukumbu KB 16! Weka bei ya mashine inayofanya kazi, ndipo tulinganishe.