Je, sheria ya ndoa za jinsia moja humlazimisha sheikh au padri kuzifungisha?

Mwalimu wa Dunda, Bagamoyo

Assalaam alaykum, na Tumsifu Yesu Kristo. Nafundisha somo la Uraia katika sekondari moja hapa Bagamoyo. Wanafunzi wangu wa kidato cha nne wanaamini kwamba katika nchi zilizohalalisha ndoa za jinsia moja, kama Afrika Kusini na Marekani, sheikh au padri akikataa kuzifungisha hufungwa jela. Naomba wenye ujuzi wanipe jibu la kisheria, bila kumtukana mtu yeyote.

Wakili, Chumbageni, Tanga

Hafungwi, Mwalimu, na sababu yake utaielewa vizuri ukianzia hapa nyumbani. Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 inaitambua ndoa kuwa muungano wa hiari wa mwanamume na mwanamke, kwa hiyo Tanzania Bara ndoa ya jinsia moja haisajiliki; tena kifungu cha 154 cha Kanuni ya Adhabu kinaliadhibu tendo la kujamiiana kinyume cha maumbile kwa kifungo kisichopungua miaka 30. Hata hivyo, sheria hiyohiyo ya 1971 inakubali ndoa ifungwe kanisani, kwa taratibu za Kiislamu, kimila au bomani. Tazama nikahi yoyote pale Ngamiani: khutba ikishasomwa, walii akaozesha na bwana harusi akakubali, sheikh hufungua kitabu cha vyeti, na wahusika pamoja na mashahidi wakatia saini. Hapo pana ibada na pana usajili wa serikali, ingawa vyote viwili vimesimamiwa na mtu mmoja.

Mahakama za nchi ulizozitaja ziligusa usajili huo, si ibada. Katika shauri la Fourie la mwaka 2005, Mahakama ya Katiba ya Afrika Kusini iliona kwamba kuwanyima watu wa jinsia moja hadhi ya ndoa kunavunja haki ya usawa, ikalipa Bunge muda wa mwaka mmoja, na sheria ikapitishwa mwaka 2006. Chini ya sheria hiyo, taasisi ya dini huingia pale tu inapoomba yenyewe. Shauri la Obergefell la mwaka 2015 nchini Marekani liliyabana majimbo, si makanisa. England na Wales zilikwenda mbali zaidi, kwani sheria yao ya 2013 hailiruhusu Kanisa la Anglikana kufungisha ndoa hizo hata padri wake mmoja akipenda.

Ugumu wenyewe uko kwa mtumishi wa umma. Kim Davis, karani wa kaunti ya Rowan huko Kentucky, aliwekwa mahabusu mwaka 2015 kwa kukaidi amri ya mahakama ya kutoa vibali vya ndoa. Afrika Kusini iliwaruhusu maofisa wa serikali kukataa kwa sababu za dhamiri, kisha ikaiondoa ruhusa hiyo mwaka 2020. Kwa maoni yangu iliondolewa kwa haki, kwa sababu anayelipwa kwa kodi za wote hana budi kumhudumia kila aliyetimiza masharti ya sheria.

Ustadhi, Makorora, Tanga

Nakushukuru, Wakili. Mafundisho ya Uislamu kuhusu nikahi hayabadilishwi na mahakama, nami nitaendelea kuyafundisha. Ila vijana wetu waelewe kwamba dada zao wanaodai haki ya kuvaa hijabu kazini huko Ulaya wanategemea sheria hizohizo za usawa na uhuru wa dini. Na kumpiga jirani au kumfukuza zahanati kwa kumshuku tu ni dhuluma, na dhuluma ni haramu.

Mama Mkatoliki, Bagamoyo

Wakili, umeishia madhabahuni, ilhali Kanisa lina shule, hospitali na vituo vya watoto. Jiji la Philadelphia, Marekani, liliacha kulipelekea shirika la Kikatoliki watoto wa kulelewa, kwa sababu halikukubali kuwaidhinisha wanandoa wa jinsia moja kuwa walezi. Hilo nalo si shinikizo?

Wakili, Chumbageni, Tanga

Ni shinikizo, Mama, na ndiyo maana shauri lile lilifika Mahakama ya Juu, ambako mwaka 2021 majaji wote tisa walilipa shirika ushindi. Msingi wa hukumu ulikuwa mwembamba: mkataba wa jiji uliacha nafasi ya kutoa misamaha, kwa hiyo jiji halikuweza kulinyima shirika la dini msamaha huo bila sababu nzito. Pasipokuwa na nafasi ya namna hiyo katika mkataba, swali lako bado halijajibiwa na mahakama ile.