Mrejesho: foleni yangu ya Haskell iliyokuwa ikijikokota

Wakuu, nimerudi. Niliuliza kwa nini foleni yangu (muundo wa data ambamo kinachoingia kwanza hutoka kwanza) niliyoandika kwa Haskell, lugha ya programu, inazidi kuzorota kadiri inavyorefuka. Kweli, kosa lilikuwa kuongeza vitu mwishoni mwa orodha kwa ++ (alama ya kuunganisha orodha), hivyo orodha nzima ikapitiwa kila mara.

Nilianza na ushauri wa orodha mbili, ya mbele ya kutolea vitu, na ya nyuma ya kuingizia, inayotunzwa kinyume. Kasi ikapanda, ila nilisahau kuigeuza ya nyuma iwe ya mbele pale ya mbele inapoisha. Foleni ikadai ni tupu huku imejaa! Nikarekebisha, lakini kujua urefu bado kulichelewa. Nikahamia Data.Sequence (moduli ya Haskell yenye aina ya mfuatano iitwayo Seq), sasa urefu unapatikana papo hapo.

Kilichogoma: jaribio langu la orodha isiyo na mwisho. Seq hailiwezi, nimeliacha kwenye orodha ya kawaida. Asanteni sana.